Maranda ya Kasha la Nne

Barua yenu ilinikuta bado napanga vifaa vyangu kwenye kabati la nyumbani, mke wangu akiuliza kama vibano vya kazini navyo vimestaafu au vitaendelea kulala kwenye droo ya vijiko. Ninyi vijana wa chumba cha uhifadhi Dar es Salaam, niliokaa nanyi wiki tatu za mafunzo, mnataka niwaandikie kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo nitaziruka, maana ni fupi na hazina mbao ndani yake. Nitawaandikia juu ya kasha moja.

Nilifika Brussels mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikimfuata mke wangu Espérance. Yeye ni mtu wa Uvira, mimi wa Kigoma. Alikuwa ameshapata kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba moja kule Ganshoren, nasi tukapanga vyumba viwili mtaa wa Schaerbeek, juu ya duka la Mturuki aliyetuamsha kila alfajiri kwa harufu ya mkate. Mimi nilikuwa seremala. Kigoma nilitengeneza vitanda, milango na majeneza. Brussels hakuna aliyehitaji kitanda changu, na majeneza yao yalitoka kiwandani.

Aliyenitoa nyumbani ni Papa Déo, mzee wa Bukavu tuliyesali naye kanisa moja. Alikuwa mchukuzi katika ghala la makumbusho.

"Kule kwetu banatafuta muntu wa kufanya ma-caisse, makasha ya vitu," aliniambia nje ya kanisa. "Unajua kazi ya mbao ya kweli, ama unajua tu kuisema?"

"Naijua, Papa."

"Bon. Alors kesho uvae viatu bya kazi, usivae bya kanisa."

Aliyenipokea ni Madame Godelieve, mkuu wa karakana ya mbao. Alikuwa Mflemi, mtu wa kaskazini ya Ubelgiji, mrefu, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, na vifaa vyake vingi vilikuwa vya daktari wa meno, alivyorithi kwa kaka yake. Hakuniuliza vyeti. Alinipa kipande cha ubao chenye kifundo, akaniuliza, "Mti ulipokuwa umesimama, upande upi ulielekea mizizi?"

Nilitazama kifundo. Tawi huota likielekea juu, na alama yake ndani ya ubao hubaki imelala vivyo hivyo hata miaka mia ikipita. Nikamwonyesha.

"Utaanza leo," akasema. "Na sheria ni moja. Mkono hauingii kwenye kasha kabla jicho halijamaliza kazi yake."

Andikeni sheria hiyo ukutani. Mimi niliisikia siku ya kwanza na kuivunja siku ya tisa.

Makumbusho yalikuwa yanaandaa maonyesho ya vitu vya Waainu, watu wa visiwa vya kaskazini ya mbali ya Japani, nchi ya theluji, dubu na samaki wanaopanda mito. Vitu hivyo vilinunuliwa zamani na msafiri mmoja na kulala ghalani bila mtu kuvigusa. Makasha yalikuwa sita. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mapya, lakini Madame alitaka nione kila kitu kwanza. Alisema fundi asiyejua kinacholala ndani hutengeneza jeneza.

Kasha la kwanza lilikuwa na sinia za mbao, ambazo wenyewe huziita ita, zimechongwa mizunguko na magamba madogo kama ya samaki. Nilitafuta mahali ambapo kisu kiliteleza, nikakosa. La pili lilikuwa na ala za visu. Katika la tatu mlikuwa na vijiti bapa, virefu kidogo kuliko kiganja, vimechongwa mgongoni. Lebo ya zamani ilisema: kijiti cha kuinulia masharubu wakati wa kunywa.

Madame alicheka kwa hasira. "Walimwona mzee ana masharubu na kijiti mkononi, basi utafiti ukaishia hapo! Hii ni ikupasuy. Mzee anachovya ncha katika pombe, anadondosha tone kwa miungu, na kijiti kinapeleka maombi. Wanasema kinarekebisha hata maneno ya msemaji aliyekosea."

Nilifikiri kwamba kwa Kifaransa changu cha wakati ule ningehitaji vijiti viwili.

Tulipofika kasha la nne, Madame aliitwa kwenye simu. "Nisubiri," alisema.

Sikusubiri. Nilitaka kumwonyesha kwamba mimi ni mtu wa kazi. Ndani ya kasha mlikuwa na fimbo mbili zilizoviringishwa katika magazeti, na juu yake, chini yake na kando yake, maranda. Maranda marefu, membamba, yaliyojikunja kama nywele, yamegeuka manjano kwa umri. Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimefagia maranda kila jioni. Nilijua maranda ni nini. Ni ya kuwashia moto na ya kufungashia vitu visivunjike. Nikayajaza kwenye mfuko mweusi, nikaushusha uani, nikarudi, nikazitoa fimbo magazetini, nikazipanga mezani vizuri, nikasimama kando yake kama bwana harusi.

Madame aliingia, akatazama fimbo. Ya kwanza ilikuwa nzima: kutoka kichwani ilining'iniza shada la maranda, mengine yamesokotwa pamoja. Ya pili ilikuwa na vishina vifupi tu, kama ndevu za juzi.

"Nywele zake ziko wapi?" akauliza.

Sikumwelewa. Kisha nikaelewa.

Zile fimbo zinaitwa inau. Mtu huchukua kijiti cha mti, akakivuta kisu juu yake pole pole, mkato baada ya mkato, na kila randa linabaki limeshikana na mti upande mmoja. Ni sadaka kwa miungu, tena ni mjumbe. Maranda ndiyo kitu chenyewe. Kwenye ile ya pili wadudu walikuwa wamekula mizizi ya maranda, yakaanguka ndani ya kasha na kungoja humo, mpaka alipokuja seremala wa Kigoma.

Nilishuka ngazi bila kuzihesabu. Papa Déo alikuwa uani.

"Papa, mfuko mweusi niliouweka hapa!"

"Nilisha tupa. Iko ndani ya ile container ya taka, pamoja na ya cafétéria."

"Gari la taka?"

"Linakuya saa nane. Juu ya nini unauliza?"

Nilipomweleza, akavua koti lake na kulikunja vizuri. "Donc tunaingia," akasema. "Weye uko mwembamba, unatangulia."

Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Mifuko ilikuwa mingi na yote myeusi. Tulifungua mmoja mmoja, tukakuta maganda ya machungwa, makombo, karatasi za tiketi. Wageni wa makumbusho walitutazama kupitia dirisha la ngazi. Labda walidhani nasi ni maonyesho. Mfuko wangu tuliukuta karibu na chini. Ulikuwa umepasuka, na machicha ya kahawa yameingia. Papa Déo alipiga magoti juu ya zege, akatandaza koti lake, nami nikawa namkabidhi randa moja moja. Dereva wa gari la taka alipofika, Papa Déo alimwambia asubiri. Dereva alipopiga honi, akamwambia kwa Kifaransa safi kwamba humu ndani kuna marehemu. Honi ikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata mkuu wa idara, bwana mmoja nadhifu, alikuja karakana. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema wageni kutoka kaskazini ya Japani watakuja kwa ajili ya maonyesho, na hapana haja ya aibu. Faili liandikwe kwamba inau ya pili ilifika ikiwa imevunjika na sehemu zake zimepotea. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilikuwa upande unaotupendeza. Akaondoka.

Madame aliweka faili mezani, na kalamu juu yake. "Wewe ndiye uliyekuwapo," alisema. "Utaandika nini?"

Nilikuwa na siku kumi kazini. Nyumbani mtoto wetu Neema alikuwa na miezi minne. Niliishika kalamu muda mrefu, kisha nikaandika kwa Kifaransa kibovu: *Maranda yalikuwa yameanguka ndani ya kasha. Fundi Stefano alidhani ni ya kufungashia. Aliyatupa. Aliyaokota siku ile ile. Mengine hayakupatikana.* Nikatia sahihi.

Madame alisoma, akasahihisha kitenzi kimoja, akatia sahihi yake chini ya yangu. Mkuu wa idara hakuzungumza nasi mpaka Pasaka.

"Naomba niyarudishe maranda kwenye fimbo," nikamwambia Madame.

"Wewe ni fundi wa makasha."

"Makasha nitayatengeneza asubuhi."

"Hii ni kazi ya mwaka mzima, Bwana Stefano. Na mwisho wake unaweza kuwa aibu tu."

"Basi nianze leo."

Alinitazama kwa miwani ya puani, kisha kwa ile ya kichwani. Akafungua droo, akanipa kibano cha kaka yake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Kahawa tuliitoa kwa sifongo kavu, na palipokataa tukatumia brashi yenye unyevu kidogo sana. Randa kavu ukilinyoosha linavunjika; lazima lilale juu ya mvuke mpole mpaka likubali. Gundi ilikuwa ya kibofu cha samaki, ambayo siku moja ikihitajika inaweza kutolewa kwa maji ya uvuguvugu. Msitumie kamwe gundi ambayo hamwezi kuiomba msamaha.

Gundi hata hivyo ilikuwa jambo dogo. Shida ilikuwa kujua lipi linakwenda wapi. Maranda yote yalifanana. Kwa wiki tano niliyapanga kwa urefu, kwa upana, kwa rangi, na kila mpangilio ulivunjika. Nyumbani nilikaa kimya mezani.

"Papa Neema," Espérance akaniambia, "ile kazi itakumaliza. Muntu muzima analia juu ya maranda?"

"Silii."

"Unalia, njo vile. Mimi niko nalisha bazee kule Ganshoren, najua sura ya muntu mwenye analia bila machozi. Lakini bon, usiache. Ukiacha sasa, utakuya kunisumbua miaka yote."

Wiki ya sita nililiweka randa moja chini ya hadubini, nikaona mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukikimbia kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye la pili ulikuwapo, na la tatu pia. Kisu cha mtu yule kilikuwa na pengo dogo kwenye makali, na pengo lile liliandika mstari kwenye kila randa alilolivuta. Na kwa kuwa mkono husogea kidogo kila mkato, mstari nao ulihama, mara karibu na ukingo, mara katikati. Vishina kwenye fimbo vilikuwa na mstari ule ule. Sasa kila randa lilikuwa na anwani.

Nilinunua daftari. Kila randa nililorudisha nilichora mahali pake, upande ambao kisu kilitoka, na lilikatwa baada ya lipi. Kifundo kwenye fimbo kilinionyesha pia kwamba mchoro wa zamani wa kwenye faili uliisimamisha inau kichwa chini. Mkuu wa idara alisema mchoro ni mchoro. Madame alisema mti ni mti, na kishikizo cha kuisimamishia kikatengenezwa kwa kuufuata mti.

Kazi ilichukua mwaka mmoja na nusu. Palibaki vishina kumi na kimoja bila nywele. Niliviacha hivyo na kuviandika.

Wageni walikuja majira ya kuchipua. Walikuwa wawili: Mzee Shigeo, mchongaji Muainu, mdogo wa umbo, mikono mikubwa kama ya mtu mwingine, na mpwa wake, Bi. Haruko, aliyefanya kazi katika makumbusho ya kwao na aliyekijua Kifaransa kuliko mimi. Walileta kwa mkopo vipande viwili vya kale sana, vilivyochimbwa kwenye udongo wa maji: ukingo wa bakuli na kijiti bapa kilichovunjika. Vilikuwa vyeusi kama mkaa, vimeshibishwa nta ili visisinyae. Bi. Haruko alisema walioviacha waliishi kisiwani kabla jina la Waainu halijaandikwa popote. Wataalamu walikuwa bado wanabishana kama kijiti kile ni babu wa ikupasuy au ni kijiti tu. Mzee Shigeo alikigeuza chini ya taa, akanionyesha kwa ukucha alama za kisu mgongoni. Hakubishana na mtu.

Kisha wakaomba mafaili, kama ilivyo desturi. Bi. Haruko aliyasoma kwa sauti ya chini, akimtafsiria mjomba wake. Alipofika kwenye maandishi yangu alisita, akarudia. Mkuu wa idara alitazama viatu vyake.

Mzee akauliza neno moja. "Nani?" akatafsiri Bi. Haruko.

Nikasimama. "Ni mimi."

Mzee alinitazama, akaitazama inau, akaizunguka. Alishika kifundo, akaona kwamba mizizi iko chini, akaguna. Akasema maneno marefu, na Bi. Haruko akatafuta namna ya kuyasema kwa upole, ila haikuwapo.

"Anasema inau hutengenezwa, hupewa ujumbe, huenda. Mwili unaobaki huachiwa upepo na mvua. Hakuna anayeugandisha. Anasema huyu alishaanza safari yake, nawe umemrudisha njiani."

Mwaka mmoja na nusu! Nilisikia Madame Godelieve akivuta pumzi nyuma yangu. Niliona aibu kuliko siku ya taka, kwa sababu siku ile nilikosa kwa kutojua, na safari hii nilikosa kwa bidii.

"Mwambie nimesikia," nilisema. "Mwambie pia kila tone la gundi linaweza kutolewa, na nitalitoa mwenyewe akitaka."

Mzee alikuwa ameliona daftari. Akalifungua, akakaa, akaomba lenzi. Alifuata mstari wa pengo kutoka mchoro hadi fimbo, kutoka fimbo hadi mchoro, kisha akacheka ghafla.

"Anasema aliyeitengeneza alikuwa na haraka," alisema Bi. Haruko, naye akicheka. "Hakunoa kisu kabla ya sala."

Alisoma daftari mpaka adhuhuri. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika. Inau ile, alisema, haikuwa ya kwao. Ilitoka kisiwa kilicho kaskazini zaidi, ambako watu walihamishwa na vita, na wazee waliojua mikato yake walikufa bila kuachia mtu kisu. Yeye mwenyewe alijifunza kuchonga akiwa mtu mzima, kwa kuvitazama vitu vya babu zake nyuma ya kioo. Na kupitia kioo huwezi kuona mkato upi ulitangulia.

"Anauliza," alisema Bi. Haruko, "kama kuna mahali panapokatwa mti kwa ruhusa, ili twende kesho naye achonge nyingine."

Madame Godelieve alipiga simu mwenyewe. Asubuhi tulikwenda Auderghem, kwenye vidimbwi vya ukingo wa msitu, ambako watunza bustani walikuwa wakipunguza matawi ya ule mti wa kando ya maji ambao Wafaransa huuita *saule*. Papa Déo aliendesha gari. Mzee alichagua tawi, akasema nalo kidogo kabla ya kulikata, nasi tukavua kofia, kila mtu kwa imani yake.

Karakanani, Mzee alikaa sakafuni, akalishika tawi kati ya miguu. Mimi nilisoma daftari, Bi. Haruko akatafsiri, naye akavuta kisu. Mkato wa kwanza ulijikunja na kubaki. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa saba alisita, akatikisa kichwa, akaugeuza mkono, akaendelea. Randa lilitoka jembamba, likajiviringa, likakataa kuanguka. Mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

Siku mbili baadaye alileta karatasi yenye sahihi yake. Inau mpya ndiyo iliyosimama katika maonyesho. Ile ya zamani, kwa ombi la Mzee, ililazwa kwenye kasha nililolitengeneza, haionyeshwi na haitengenezwi tena, iachwe izeeke. Nakala ya daftari lote, kurasa thelathini na mbili, iliondoka na wageni ndani ya ndege.

Madame alistaafu, nikachukua meza yake. Mzee Shigeo alifariki kabla miaka ile ya tisini haijaisha. Habari za kifo chake nilizipata katika barua ya Bi. Haruko, iliyokuja na picha: watu saba sakafuni, wanawake wanne na wanaume watatu, kila mmoja na tawi na kisu, na katikati yao ukurasa wa daftari langu umebandikwa ubaoni. Walilifuata daftari mwaka mzima, aliandika. Lilikuwa sahihi, isipokuwa ukurasa wa kumi na tatu. Pale niliandika kwamba mkato wa saba unafuata wa sita. Mikono yao ilikataa, kama mkono wa Mzee ulivyokataa, mpaka mwanamke mmoja wa kundi akajaribu kukata wa saba kabla ya wa sita. Maranda yakakaa. Bi. Haruko alinichorea vizuri, kwa mishale.

Nilishuka ghalani na barua ile, nikalitoa faili lenye daftari, nikalifungua kasha, nikaweka lenzi juu ya vishina. Nilichukua karibu saa nzima kuona nilichopaswa kuona mwanzo. Mwanamke yule alikuwa sahihi. Nikakata mstari juu ya mchoro wangu, nikauchora upya kwa kufuata mishale yake, na chini yake nikaandika jina la mwanamke yule, kwa herufi kubwa, ili yeyote atakayelifungua ajue ni nani wa kumuuliza.